Uvimbe Uko Kulia

Watu walimwita Mama Futi kwa sababu futi ya kupimia haikumtoka shingoni tangu afungue duka la ushonaji mpaka alifunge. Siku moja alikuwa anajishonea blauzi ya kola. Akajipima mbele ya kioo, na kidole kikagota kwenye kitu kigumu upande wa kulia wa shingo. Alimeza mate. Kile kitu kikapanda, kikashuka.

Wifi yake, aliyeshona naye dukani, akakibonyeza. "Mafuta tu hayo. Umeanza kunenepa."

"Ninenepe wapi, wifi, na sketi zote zinanivuka?"

Kweli alikuwa anakonda, na moyo ulimwenda mbio hata akiwa ameketi. Damu ilipopimwa, daktari akamwambia tezi ya shingo inafanya kazi kupita kiasi. Angedungwa dawa yenye mionzi kidogo, kisha kamera ingeonyesha wapi tezi inaivuta ile dawa kwa pupa na wapi haiigusi.

"Mionzi?" wifi yake akanong'ona walipotoka. "Si utawaka gizani?"

"Basi tutaokoa umeme." Mama Futi alikwisha kata shauri.

Siku ya picha alidungwa mkononi, akangoja dakika ishirini, akalazwa chali na mto chini ya mabega, kidevu juu. Kamera ilishuka karibu kumgusa. Mpiga picha, bwana mpole mwenye kalamu tatu mfukoni, alimwomba asimeze wala asiongee. Akajikaza kisabuni mpaka mwisho.

Alipoketi, kwenye skrini palikuwa na doa moja linalong'aa.

"Atakayeisoma ni daktari, si mimi," mpiga picha akasema, "lakini kinundu chako kinakula dawa karibu yote. Vya namna hii ni nadra sana kuwa saratani."

Wifi yake akashusha pumzi, akaanza kukusanya mikoba. Mama Futi hakunyanyuka.

"Hilo doa liko upande wangu gani?"

"Kushoto."

"Uvimbe ninaoushika mimi uko kulia."

"Picha huonekana kama mtu anayekutazama, dada. Inawachanganya wengi."

"Kaka yangu, miaka ishirini na miwili napima watu wanaonitazama. Kushoto kwa mteja nakujua. Lete kidole."

"Wifi, mwache kaka wa watu," wifi yake akasema kwa aibu. "Foleni imefika mlangoni."

"Foleni itanisamehe. Lete kidole."

Mpiga picha akavaa glavu, akagusa pale alipoonyeshwa. Tabasamu lake likafutika. "Lala tena, dada."

Alibandika alama ndogo yenye mionzi juu kabisa ya uvimbe, akapiga picha nyingine. Nukta ya ile alama ilitokea upande wa kulia, mbali na doa. Hapo tezi ilikuwa imefifia, na chini ya nukta palikuwa na pengo jeusi, kama kitambaa kilicholiwa na nondo. Mpiga picha akamwita daktari.

"Viko viwili," daktari akasema. "Hiki cha kulia hakivuti dawa. Mara nyingi huwa hakina neno, ila hatukiachi bila kukichoma sindano na kupima chembe zake."

Majibu yalitoka baada ya wiki moja: saratani, ya aina inayokwenda polepole. Wifi yake akalia, akaomba msamaha kwa yale maneno ya mafuta. Mama Futi akashika ukingo wa meza.

"Mnanikata lini?" akauliza.

Tezi yote ilitolewa, kinundu cha kulia na cha kushoto, na daktari akasema saratani haikuwa imetoka nje yake. Moyo ulitulia. Sasa angemeza kidonge kimoja kila asubuhi maisha yake yote. Sauti ilikwaruza, na kwa wiki mbili alielekeza wateja kwa mikono. Wiki ya tatu muuza zipu alimletea zipu mbovu. Mama Futi akamrudisha alikotoka kwa sauti kamili iliyosikika hadi barabarani, na wifi yake, aliyekuwa akipiga pasi, akacheka mpaka akakaa chini.