Kijiti Alichokiweka Mwenyewe

Mama mkwe wake alimwita Profesa, na yeye alilipenda jina hilo kuliko alivyokubali kusema. Kazini kwake, katika ofisi ya maji, ndiye aliyeitwa printa ikigoma au kompyuta ikizubaa. Kwa wakwe sifa zake zilikuwa kubwa zaidi, maana mama mkwe alikuwa na karakana ndogo ya uchapaji katika chumba cha mbele cha nyumba yake, na huko kompyuta moja nyeusi chini ya meza ndiyo iliyotia chakula chunguni.

Aliyekaa mbele ya kompyuta hiyo kutwa nzima ni wifi yake, dada mdogo wa mumewe, msichana mwepesi wa vidole na mzito wa maneno. Wateja waliomsikia akiitwa hivyo walizoea kumtania: "Duka hili mtandao halina, lakini wifi yupo." Naye alicheka kidogo, akaendelea kupanga kadi za harusi.

Kompyuta ilipoanza kuwa nzito, Profesa alikuja akaifungua, akaiongezea memori: kijiti cha RAM alichokichomoa kwenye mashine iliyotelekezwa stoo ya ofisini kwao.

"Sasa itapaa, mama," alisema huku akifuta mikono.

Mama mkwe alimsifia hadi kwa majirani. Lakini kompyuta haikupaa. Ilianza kuzimika katikati ya kazi. Skrini inageuka bluu, halafu kompyuta inajiwasha upya kana kwamba hakuna kilichotokea. Profesa aliposimuliwa kwa simu hakusita. "Ni mfumo umechakaa, mama. Jumamosi nakuja, nafuta wote, naweka mpya."

Jumamosi hiyo kulikuwa na kazi ya haraka. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alizitaka ratiba za mahafali mchana uleule. Profesa alihamisha mafaili yote kwenye diski ya pembeni, akachomeka flashi yenye mfumo mpya, akakaa sawasawa kitini.

"Itachukua muda?" mama mkwe aliuliza.

"Chai haitapoa, mama."

Asilimia zikapanda taratibu. Ghafla, bluu. Kompyuta ikajizima, ikajiwasha, ikarudi mwanzo kabisa. Akacheka, akaanza upya. Bluu tena. Akaihamishia flashi tundu la nyuma. Akaitengeneza flashi upya kwa laptopu yake. Akabadilisha waya wa diski ya ndani, akaifuta diski yenyewe ikabaki tupu. Safari moja usakinishaji ulikatika mwanzoni kabisa, safari nyingine ukakatika umebakiza kidogo tu kuisha. Chai ikapoa, ikaota ngozi juu.

Hapo ndipo palipokuwa na aibu yake, ingawa hakuna mtu mwingine aliyeiona. Alijua kwamba kosa lisilochagua mahali, leo hapa kesho pale, mara nyingi hutoka kwenye memori. Wazo lilimjia, akalifukuza. Likarudi, akajifanya anatafuta bisibisi. Memori ilikuwa kazi ya mkono wake.

"Kulikoni, Profesa?" Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, simu mkononi. "Mwalimu mkuu anapiga tena."

Mdomo wake ukatangulia. "Mashine hii imechezewa, mama. Imeingizwa vitu vya ovyo." Akamgeukia msichana. "Wifi, si huwa unapakua filamu humu?"

"Mojamoja, wifi, kwa bando la simu yangu. Kazi ikishaisha."

"Basi ndizo hizo."

Hakuhitaji kuongeza neno. Mama mkwe alimpayukia binti yake mbele ya mteja aliyekuwa akisubiri kutolewa kopi. "Kumbe wewe ndiye unayeniulia kazi! Nakulisha, nakuvisha, halafu unanigeuzia ofisi kuwa sinema!" Msichana aliinuka. Alivaa viatu, akasema kwa sauti ndogo kwamba atakwenda shuleni kumweleza mwalimu mkuu mwenyewe, akatoka kwenye mvua ya rasharasha.

Walipoachwa peke yao, Profesa na ile mashine, ndipo alipopata ujasiri wa kutazama. Aliendesha kipimo cha memori. Mistari myekundu ya makosa ikaanza kushuka kwenye skrini, mmoja, halafu mingi, mpaka ikajaa. Akachomoa kijiti chake, akapima tena kwa kile cha zamani peke yake. Safi. Akaanzisha usakinishaji, ukaenda moja kwa moja mpaka mwisho bila kukohoa.

"Si nilisema mimi!" Mama mkwe aliingia akipiga makofi. "Ilikuwa nini?"

Kijiti kilikuwa kwenye kiganja cha Profesa, kimepata joto la mkono. Angeweza kukiweka mezani. Alikiangusha ndani ya mkoba wake.

"Kidude kidogo tu, mama."

Wifi yake alirudi viatu vimejaa tope na macho yamevimba.

"Amesemaje?" mama aliuliza.

"Amesema mengi. Mbele ya walimu wenzake." Alikuwa akijifuta kichwa kwa khanga. "Nikamwambia kosa ni langu, si la mama, ili asihamishie kazi kwingine. Amekubali kusubiri." Kisha akaiona skrini. "Imepona? Ahsante, wifi."

Profesa angeona nafuu kama angetukanwa. Ile ahsante ilimwingia, ikakaa. Faili la ratiba tu lilifunguliwa kutoka diski ya pembeni, na ilibidi wafanye kazi pamoja, msichana akichapa, yeye akikunja ratiba bega kwa bega naye, na kila karatasi aliyoipokea kutoka kwa mkono ule aliipokea akitazama chini. Zaidi ya mara moja alifungua kinywa. Kila mara aliishia kuomba karatasi nyingine.

Mwalimu mkuu hakungoja kupelekewa. Alikuja mwenyewe, na kabla hajafika mezani alikuwa ameshamnyooshea msichana kidole. "Huyu ndiye? Mama, mtu anayechezea chombo cha kazi, mimi nisingemwacha akae hapo hata siku moja."

Msichana aliinamisha kichwa, akaendelea kufunga boksi.

"Mwalimu, si yeye." Profesa aliisikia sauti yake kama ya mtu mwingine. "Ni mimi. Niliweka kitu kibovu ndani ya mashine, nikamsingizia."

Akakitoa kijiti mkobani, akakiweka juu ya meza. Mwalimu mkuu alikitazama, akamtazama yeye, akakohoa. Alibeba boksi lake akaondoka bila kuhesabu.

Mama mkwe alikuwa akifuta mashine ya kukatia karatasi. Aliendelea kufuta mahali palepale kwa muda mrefu.

"Ulijua akiwa ameshatoka," aliuliza hatimaye, "au akiwa bado yupo hapa?"

Swali hilo ndilo alilokuwa akiliogopa kuliko yote.

"Nilishuku akiwa bado yupo, mama. Nikaogopa kuangalia."

"Bora ungeniharibia mashine nzima." Aliweka kitambaa, akamwendea binti yake, akasimama mbele yake akiwa hajui mikono yake aipeleke wapi. "Mwanangu, nimekudhalilisha mbele za watu." Na yule msichana, ambaye kutwa nzima hakuwa ametoa chozi mbele yao, akalia kwa kwikwi kifuani kwa mama yake.

Profesa akachukua mkoba wake. Alikuwa ameshafika mlangoni aliposikia anaitwa.

"Wifi." Msichana alikuwa akipangusa uso. "Mafaili hujayarudisha. Jumatatu nina kazi."

Akarudi, akakaa, akachomeka diski ya pembeni. Masikio yalikuwa yanamwaka moto. Wifi yake alisimama nyuma ya kiti, akimwelekeza lipi liende wapi, kwa upole na adabu, vilevile alivyozoea kuzungumza na wateja asiowajua.