Jaketi Lenye Mkono Mmoja Mfupi

Hisae Nanba alikuwa na desturi iliyowaudhi wageni: kabla hajakusalimu, alikukagua mishono. Ukiingia karakanani kwetu hapa mjini Kojima, Japani, macho yake yalianzia begani, yakapita kwapani, yakaishia kwenye pindo, ndipo akainama na kusema karibu. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, na thelathini na minane kati ya hiyo alikuwa ameimaliza kwenye cherehani. Mimi ni Kinue, mpiga pasi na mtia vifungo. Meza yangu inagusana na yake, kwa hiyo mambo haya sikusimuliwa na mtu.

Tulikuwa washonaji wa sare za shule. Watoto walivyozidi kupungua nchini, sare nazo zikapungua, na vyerehani vyetu kumi na vinne vikabaki sita vyenye kazi. Basi bosi wetu, Miyake, aliposema kuna mbunifu wa mavazi anakuja kutoka Tokyo kutafuta watu wa kumshonea majaketi, tulifagia hadi chini ya zile mashine zilizolala.

Mbunifu alikuja asubuhi moja ya Februari. Aliitwa Anzai, kijana wa miaka thelathini na kidogo, nywele amezichana vizuri, miwani ya duara. Alivua viatu mlangoni, akaingia amepakata mfuko wa kitambaa kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Ndani yake mlikuwa na jaketi la mabakamabaka la askari wa Kimarekani, la zama zile za vita vya msituni vya Asia, miaka ya sitini. Kitambaa cha pamba nyepesi, majani ya kijani na kahawia yaliyopaushwa na jua, mifuko minne, ile ya kifuani imeshonwa kwa kulala upande ili mkono uingie kwa urahisi.

"Nataka mia tatu," Anzai alisema. "Kitambaa nimeshachapisha, rangi hizi hizi. Kilichobaki ni mshono. Nataka nakala kamili."

Hisae alilitandaza mezani, akalipapasa polepole.

"Mkono wa kushoto ni mfupi," akasema.

"Kwa sentimita moja na nusu. Najua."

"Na bega lake limevutwa mbele. Aliyeshona upande huu alikuwa amechoka."

"Ndiyo uzuri wake, mama. Lifuate hivyo hivyo."

Hisae akainua uso. "Unataka nimwigize mtu uchovu wake?"

Bosi Miyake alikohoa. Mimi nikajifanya natafuta kifungo sakafuni.

"Wateja wangu wanajua nguo," Anzai alisema, bila hasira. "Wanataka kitu kilichokuwepo kweli, na kasoro zake. Mkiliweka sawa, litakuwa jaketi la dukani tu."

"Mimi nimeshona sare za watoto wa mji huu, na za watoto wao. Hakuna aliyewahi kwenda shule na mkono mmoja mfupi. Sishoni makosa ya mtu mwingine. Yangu mwenyewe yananitosha."

"Dada Hisae," bosi alimsihi.

"Niachie jaketi siku kumi," Hisae akamwambia mgeni, kana kwamba bosi hakusema kitu. "Nitakushonea mawili. Moja kama ulivyoagiza, na moja kama linavyotakiwa kuwa. Ukishayavaa yote mawili, chagua. Ukichagua lile bovu, nitakushonea mia tatu na mdomo nitaufunga."

Anzai alisitasita. Nadhani hakuwa amezoea kumwachia mtu lile jaketi. Mwishowe alikubali, akainama, akaondoka. Mlango ulipofungwa bosi alijifuta jasho, na nje kulikuwa na baridi ya kukata masikio.

"Dada, tukiikosa kazi hii?"

"Hatuikosi," Hisae alisema, akachukua chaki.

Siku ya tatu vipimo vyote vilikuwa vimehamia kwenye karatasi ngumu. Alikuwa amelipima jaketi kila upande bila kufumua hata uzi mmoja, kwa maana Anzai alikuwa ameomba lisifumuliwe. Kiolezo cha lile "sahihi" kilikuwa tayari: mikono yote miwili sawa, mabega yote mawili yamekaa nyuma kama lile la kulia. Alifurahishwa nacho. Alikuwa anaimba chini chini, jambo lisilo la kawaida kwake.

Adhuhuri hiyo shemeji yake Yasuo, mdogo wa marehemu mumewe, alileta figili za shambani. Yasuo analima zabibu kule mlimani, mzee wa miaka sabini, mwembamba kama mzabibu wenyewe. Alikuta tunakula matonge yetu ya wali, na jaketi limetundikwa ukutani.

"Shemeji, tunaingia vitani lini?" akauliza.

"Wewe hupelekwi. Wakikuona watadhani jeshi letu halina chakula."

"Nipe nilijaribu, angalau nife nikiwa nimependeza."

"Nawa mikono kwanza."

Akanawa, akalivaa. Kilikuwa kichekesho, maana lilimfika mapajani. Akasimama katikati ya karakana, akainua mikono juu ya kichwa kama anapogoa. Zabibu zetu hutambaa juu ya chanja za waya, na mkulima hushinda majira ya baridi mikono iko juu, anakata matawi. Yasuo akakata matawi ya hewani mara mbili tatu, kisha akaacha kucheka. Akashusha mikono, akainua wa kushoto peke yake. Akashusha. Akainua wa kulia.

"Shemeji, njoo uone. Mkono huu wa kushoto ni wangu. Huu wa kulia ni wa mtu mwingine."

"Unasema nini wewe?"

"Angalia mwenyewe."

Tuliangalia. Alipoinua mkono wa kushoto, jaketi lilitulia mwilini, pindo halikusogea. Alipoinua wa kulia, upande wote ulipanda hadi kiunoni, na kola ikamkaba shingoni.

Hisae aliweka tonge lake chini. Alimvua shemeji yake jaketi kwa haraka hivi kwamba mzee alibaki na mkono mmoja hewani, akaligeuza ndani nje chini ya taa na kuvaa miwani yake ya karibu. Mimi nikasogea. Pale begani, upana wa kidole kutoka kwenye mshono, kulikuwa na mstari wa vitundu vidogo vidogo vilivyokaribia kuziba. Ulikuwa mshono wa kwanza, wa kiwandani. Mtu aliufumua, akausogeza mkono mbele, akaushona upya kwa sindano ya mkono, uzi wa rangi nyingine kidogo. Na chini ya kwapa alikuwa ametia kiraka chenye umbo la jani. Kitambaa chake kilikuwa cha mabaka yale yale ila bado kibichi, hakijaonja jua. Hisae aliingiza vidole kwenye mfuko wa ndani, akakuta umepunguzwa nusu. Kiraka kilitoka humo. Mkono ulifupika kwa sababu sehemu yake ilimezwa na mshono mpya.

Alivua miwani, akaiweka mezani.

"Huyu hakuwa amechoka," alisema. "Huyu alikuwa fundi. Nimemtukana mbele ya watu."

"Hakukusikia," Yasuo alisema.

"Mimi nimejisikia."

"Bila shaka alikuwa wa mkono wa kushoto kama mimi. Sisi tunateseka, nyie hamjui tu."

Hisae aliinuka. Alichukua kile kiolezo alichokuwa anakiimbia, akakikata vipande viwili kwa mkasi wa kitambaa, mkasi ambao mimi hanikubalii hata kukatia uzi. Siku tatu zilikuwa zimekwenda bure. Nilitegemea kumwona ameinamisha kichwa. Badala yake aliniita: "Kinue, nitafutie karatasi mpya. Kubwa. Sasa ndiyo najua kazi."

Siku saba zilizobaki alishona kama msichana. Jaketi la kwanza lilikuwa nakala ya lile aliloleta Anzai, mkono mmoja wa kiwandani na mmoja wa yule fundi asiye na jina. La pili alifanya mikono yote miwili kama ule wa kushoto: mabega mbele, kiraka cha jani kila kwapa, na urefu akaurudisha ili mikono ilingane. Tatizo likawa mabaka. Kiraka kikikatwa ovyo, jani la kijani linakatikia katikati ya doa la kahawia na jicho linaenda pale pale. Alihamisha kiolezo juu ya kitambaa mara kumi na tisa, nilihesabu, mpaka majani yakapita mshononi kana kwamba mshono haupo. Nilipolipiga pasi sikuona kwapa lilipoanzia.

Anzai aliporudi, Hisae hakumpa kiti. "Gari lako lina nafasi? Tunakwenda mlimani."

"Mlimani kufanya nini, mama?"

"Kuvaa nguo. Umesema wateja wako wanajua nguo."

Tulikwenda wanne: Hisae, Anzai, bosi na mimi. Yasuo alitupokea shambani na mkasi wa kupogolea, akamkabidhi Anzai, ambaye tayari alikuwa amevaa ile nakala. "Mwanangu, kata hili, acha hili. Macho mawili ya tawi, pale linapochipua, yabaki. Usinikatie vidole." Anzai alianza. Alikuwa mtu wa vitabu na vitambaa, lakini hakuwa mvivu. Baada ya robo saa pindo la kulia lilikuwa limepanda, upepo wa kutoka baharini unaingia kiunoni, na yeye anavuta nguo chini kila baada ya tawi.

"Badilisha," Hisae akasema.

Akavaa la pili. Akakata tawi, akakata la pili, la kumi. Alifika mwisho wa mstari, akageuka na kuanza mwingine bila kuambiwa. Yasuo alininong'oneza, "Huyu tumwache hapa hadi Aprili."

Ndipo Anzai akashusha mikono, akajitazama kifuani na kwapani. Hisae akamweleza kila kitu: vitundu, uzi, kiraka, mfuko uliopunguzwa. Hakuficha kwamba mwenyewe alikuwa amekosea. "Wewe ulikuwa na haki kusema tusiuguse ule mkono," alimwambia. "Ila ulikuwa huijui sababu. Na mimi niliyedai naijua nguo, nilikuwa nimeuhesabu kati ya makosa."

"Nimekuwa nalo miaka tisa," Anzai alisema. "Nimelipiga picha mara mia. Sijawahi kuinua mikono."

Kisha akapapasa kiraka cha kwapani. "Lakini nikiuza hili la pili, siwezi kusema ni nakala. Nitakuwa nawadanganya watu."

"Basi usiseme ni nakala. Sema ni jaketi. Sema mtu mmoja alianza kulirekebisha upande mmoja, na sisi Kojima tukamalizia upande wa pili."

Bosi Miyake, ambaye safari nzima alikuwa kimya kama mtu anayesubiri matokeo ya hospitali, alisema kwa mara ya kwanza: "Na mshono wa kwapani tuuache uonekane kwa ndani. Uzi wa rangi nyingine, kama wake."

Hisae akamtazama. "Bosi, leo umesema la maana."

"Nimekuwa nikisema miaka yote. Wewe ndiye uliyekuwa unashona kwa kelele."

Anzai aliomba siku chache za kushauriana. Alirudi Tokyo na majaketi yote matatu. Baada ya siku nne alipiga simu. Wenzake dukani walikuwa wamegawanyika. Wengine walitaka kitu cha zamani kama kilivyokuwa, basi. Majaketi mia tatu yakawa mia moja themanini, yote ya aina ya pili. Bosi alisikitika kidogo. Hisae hata kidogo.

"Mia moja themanini yaliyosimama," alisema, "afadhali kuliko mia tatu yanayopepesuka."

Tulianza kukata Machi, tukamaliza mvua za Juni zinapoanza. Hisae aliwafundisha wenzetu wanne kupanga mabaka kwenye kwapa, na aliyekosea alifumua mwenyewe, hata kama ni mara ya tatu. Jioni moja Masayo, anayekaa mashine ya dirishani, alilia kwa hasira. Wiki iliyofuata kwapa zake zilikuwa nzuri kuliko za Hisae, na Hisae akasema hivyo mbele ya wote, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

Oktoba Anzai aliagiza mengine mia mbili. Safari hiyo alikuja mwenyewe, amevaa la kwake. Kabla hajavua viatu Hisae alishalikagua: viwiko vimechakaa, na kwenye mfuko wa kifuani kuna doa la utomvu wa mzabibu, maana alikuwa akija shambani kwa Yasuo bila hata kutupitia.

"Doa hilo halitoki kwa maji tu," nilimwambia, nikanyoosha mkono nilichukue jaketi nilipitishie pasi.

"Liache, dada Kinue," akasema, akainua mikono yote miwili juu, akageuka mbele yetu polepole. Pindo halikusogea. Hisae aliinama na kumwambia karibu.