Diski ya Saba

Kalamu ilisita juu ya karatasi. Kimanzi alikuwa ameshaandika jina lake na tarehe. Sahihi tu ndiyo iliyobaki. Barua yenyewe ilikuwa ya mistari mitatu: kwamba kompyuta saba zilizotoka katika nyumba ya hifadhi zilifutwa kabisa kabla ya kuuzwa, na kwamba hakuna faili hata moja linaloweza kurejeshwa.

Ng'ambo ya kaunta, katika duka dogo la ufundi la Kimanzi katikati ya jiji, Madam Selpher alisubiri akiwa ameukumbatia mkoba wake. Alikuwa msimamizi wa nyumba inayowaficha wanawake waliowakimbia waume zao ili wabaki hai. Nyumba hiyo, kule Kitisuru, haikuwa na kibao langoni, na majirani walidhani ni makao ya watawa.

"Wafadhili ndio wanaotaka karatasi," alisema. "Mimi neno lako lilinitosha."

Kimanzi alilisikia neno lake likimrudia vibaya. Kompyuta sita alizishughulikia ipasavyo: aliiacha programu iandike sifuri juu ya kila sehemu ya diski, saa baada ya saa, mpaka pasisalie kitu. Ya saba, mnunuzi alikuwa amesimama papo hapo, ana haraka. Akaifuta kwa dakika moja, ikaonekana tupu. Lakini alijua, kama fundi yeyote ajuavyo, kwamba kufuta kwa namna ile ni sawa na kung'oa namba milangoni. Waliomo ndani bado wamo.

"Madam, nipe mpaka jioni. Nataka kuhakikisha kitu."

"Kuna shida?"

"Hapana," alijibu. Huo ukawa uongo wa pili.

Saa nane mchana alikuwa Riruta, katika saiba ya Waceke, duka la kukodisha kompyuta na intaneti; Waceke ndiye aliyeinunua ile ya saba. Ilikuwa kando ya dirisha, na mwanamume mwenye kofia alikuwa akijaza fomu ya leseni, akitafuta kila herufi kwa kidole kimoja.

"Fundi, leo umetukumbuka!" Waceke alisema.

"Kuna kazi sikuimaliza kwenye mashine yako. Nipe nusu saa."

"Ngoja basi mteja amalize."

Kimanzi aliketi nyuma ya yule mtu. Hatimaye mteja aliondoka, naye akachomeka flashi yake na kuianzisha programu ya kurejesha mafaili. Kwa dakika kadhaa hapakutokea kitu, akaanza kushusha pumzi. Kisha majina yakaanza kupanda kwenye skrini, moja baada ya jingine.

Akafungua la kwanza. *Kamene. Mume ameapa kumtafuta. Mtoto asichukuliwe shuleni na yeyote isipokuwa Selpher.* Juu kabisa paliandikwa barabara ya kufika kwenye nyumba ya hifadhi, rangi ya lango na mahali pa kukatia kona. Akalifunga haraka, kama aliyefungua mlango wa bafu na kumkuta mtu ndani.

"Waceke, kuna yeyote amewahi kuyaona haya?"

"Mambo gani?" Waceke aliinama kutazama. "Aa, hayo. Wiki jana kuna jamaa alipoteza kazi yake ya chuo, akaweka programu ya kuitafuta. Ikamletea mafaili mengi, hata hajui ni ya nani. Akayabeba yote kwenye flashi, akasema atachambua nyumbani."

"Unamjua?"

"Nitamjulia wapi? Alikuja mara hiyo moja."

Kimanzi aliichomoa diski, akaweka nyingine mahali pake. Mikono ilifanya kazi yenyewe. Akili ilikuwa kwenye ile barua. Angeweza kuifuta diski hii jioni, kila sehemu, kisha atie sahihi, na mistari ile mitatu iwe kweli. Hakuna ambaye angeuliza. Pengine yule mwanachuo alishayatupa mafaili yote bila kuyafungua. Pengine.

Alitoka nje, akasimama kwenye ukuta wa duka la vioo, akapiga simu.

"Madam Selpher, nilikudanganya."

Alieleza yote bila kutua. Alipomaliza, alisikia kwenye simu watoto wakihesabu kwa sauti mahali fulani nyuma ya Selpher, wakikosea baada ya kumi na mbili na kuanza upya.

"Huyo kijana," Selpher aliuliza, "unaweza kumpata?"

"Siwezi."

"Unaweza kujua kama amesoma?"

"Siwezi, Madam."

Alingoja matusi. Angeyapokea kwa shukrani. Badala yake alisikia simu ikiwekwa juu ya meza bila kukatwa, nyayo zikienda mbali, kisha sauti ya Selpher, tulivu, kama ya mtu anayewaita wenzake mezani:

"Akina mama, kusanyeni watoto. Tunahama."