Bipu Mbili za Mouna

Papa Mahmoudi hakuwa mtu mbaya, tuelewane hapo kwanza. Alikuwa na mkono wa birika tu, na watu wa soko la samaki pale Kalemie walimpenda hivyo hivyo. Ukitaka kujua ni mtandao gani wa simu umeshusha bei leo asubuhi, huendi kwenye biro, ofisi yao. Unakwenda kwenye meza yake ya ndakala, dagaa wetu wa ziwani. Utamkuta anajaza kopo kwa mkono mmoja, na mkono wa pili umeshika simu, anasoma promosheni kwa sauti, na wateja wamemzunguka.

Mwaka ule kulikuwa na vita viwili. Vya kwanza vilikuwa vita vyenyewe, vya mishale na mapanga, katika vijiji vya Nyunzu na Manono, na kila wiki vilimwaga watu wengine kwenye kambi za deplase, watu waliokimbia makwao, nje ya mji. Vya pili vilikuwa vya mitandao, na hivyo, Mungu atusamehe, tulivifurahia. Ziwatel ilikuwa mkubwa wa mji, kila mtu alianza nayo. Nyota ilikuwa ghali, lakini minara yake ilifika hadi porini ambako wengine hawakutia mguu. Halafu kiangazi kile ikaingia Jirani, na gari la muziki na miavuli ya bure, ikatangaza kwamba Jirani kwa Jirani mtaongea kwa bei ya pipi. Ziwatel ikajibu kwa dakika za bure. Jirani ikaongeza. Wachuuzi walikuwa wanacheka peke yao.

Lakini ilikuwa lazima ubaki ndani ya mtandao wako. Ukithubutu kupiga kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, weee, inite, salio lako lote, zinayeyuka hata hujamaliza kusalimia. Ndiyo maana mji mzima ulikuwa unabipu. Unapiga, inalia kidogo, unakata, na mwenye uwezo atakupigia.

Mahmoudi alikuwa na binti mmoja tu, Mouna, ameolewa Kiambi na kijana anayeitwa Abdoul-Karim, muuza chumvi na vitenge. Kule Kiambi walitumia Nyota. Baba na binti walikuwa na makubaliano yao. Bipu moja maana yake niko salama, usijisumbue. Bipu mbili maana yake nipigie, kuna neno. Mouna akibipu mara mbili, Mahmoudi alikuwa hapigi papo hapo. Alingoja wikiendi, maana wikiendi bei ya kwenda Nyota ilishuka nusu.

"Mutoto amebipu Jumanne, weye unapiga Jumamosi," mke wake Adija alikuwa anamwambia. "Siku akizaa, utamupigia wakati mutoto anatembea."

Na kweli Mouna alizaa siku ya Jumatatu, na babu akapata habari Jumamosi. Adija hakumsemesha hadi Jumanne. Mahmoudi akaona ni sawa tu: mtoto amezaliwa mzima, bei ilikuwa nusu, nani amepata hasara?

Sasa sikia jambo la karte, hizi laini za simu. Ziwatel ilipoona watu wanaikimbia, ikatangaza kwamba namba zote za zamani zitapewa inite mara mbili kila zikijazwa. Hapo karte za zamani zikawa mali. Watu wakaanza kubadilishana karte kwa kuku, kwa sabuni, kwa mafuta ya mawese. Mahmoudi alikuwa na namba ya Ziwatel tangu siku za mwanzo kabisa, na simu yake ilikuwa na nafasi ya karte moja tu, na moyo wake ulikwisha kuhamia Jirani. Akaja Symphorien, kijana wa boti inayobeba chokaa kutoka Kabimba. Wateja wa Symphorien wote walikuwa Ziwatel. Akampa Mahmoudi mifuko ya chokaa, Mahmoudi akampa karte, wakashikana mikono. Stoo ya ndakala ikapakwa chokaa ikapendeza, hata majirani wakaja kutazama. Na Mahmoudi hakuwa mjinga, alimpigia Mouna, akampa namba mpya, Mouna akaihifadhi kwenye simu yake. Hata wewe ungefanya hivyo hivyo, usijitie utakatifu.

Halafu vita vikafika Kiambi.

Habari ililetwa na deplase wa kwanza waliotoka upande ule. Walisema watu walikimbia kila mmoja njia yake, wengine walivuka mto Luvua kwa mitumbwi, wengine waliingia porini na nguo walizovaa. Mahmoudi akapiga namba ya Mouna siku ile ile, bila kungoja wikiendi. Sauti ya mashine ikamwambia haipatikani. Akapiga kesho yake. Akapiga kila siku, na kila siku sauti ile ile, adabu ile ile.

Wiki zikapita. Adija akawa anakwenda kambini na sufuria ya bugali, anagawa, anauliza. Kuna aliyemwona binti mweupe kidogo, ana mwanya, amebeba mtoto? Hakuna. Mahmoudi akabaki mezani pake na simu mkononi. Promosheni zilikuja, hakuzisoma. Mteja alimuuliza, "Papa Mahmoudi, leo nani ameshusha?" Akamjibu, "Sijui, baba." Watu wakatazamana. Alikuwa anaogopa, na hakuwa na la kufanya na woga wake, basi alikaa nao pale pale kwenye harufu ya samaki.

Siku moja alasiri, walikuwa wawili tu, yeye na Adija, wanachambua ndakala, wanatoa mchanga. Adija akasimamisha mikono.

"Mouna akipoteza simu," akasema, "ni namba gani anayo mu kichwa?"

"Si hii ya Jirani? Nilimupa."

"Hiyo iko mu simu. Mimi nauliza mu kichwa."

Namba ya kichwani Mahmoudi aliijua vizuri. Mouna alipokuwa mdogo, Adija alimfundisha kuiimba namba ya baba yake, ile ya Ziwatel, ili akipotea sokoni amwimbie mtu yeyote. Aliiimba akienda kuchota maji, aliiimba akisukwa nywele, hadi wapangaji wa nyuma nao wakaijua.

"Karte ile iko wapi, Baba Mouna?"

Alimwambia. Adija hakupiga kelele. Aliweka ungo chini, akasema, "Nenda uilete." Basi.

Mahmoudi akaipiga namba yake mwenyewe ya zamani. Ikaita, ikaita, hakuna aliyepokea. Akarudia, vile vile. Akapanda motari, pikipiki ya abiria, mpaka mtaa wa Kataki, alikokaa Symphorien, na njiani hakubishana na dereva juu ya nauli, jambo ambalo dereva yule aliwasimulia wenzake baadaye.

Alimkuta Symphorien nje ya nyumba yake, amekaa juu ya begi lake la nguo. Mlangoni amesimama mke wake, Célestine, mikono kiunoni, kitenge amekikaza.

"Papa Mahmoudi!" Symphorien akaruka. "Karte yako imeniletea mateso!"

"Usisingizie karte!" Célestine akadakia. "Papa, karibu. Afadhali umekuja, weye ni muntu mukubwa, utuamue. Huyu ana mwanamuke."

"Sina!"

"Nyamaza. Papa, kila Ijumaa, watu wakitoka tu musikitini mchana, simu inalia. Inalia kidogo, inakatwa. Inalia tena, inakatwa. Bipu mbili. Namba ya Nyota, ni ile ile. Ijumaa ijayo, tena bipu mbili. Sasa niambie, ni muntu gani wa bure anabipu bwana ya muntu kila wiki kwa saa yake?"

Ijumaa, watu wakitoka msikitini. Mouna alijua kwamba saa hiyo baba yake hayuko mezani, hana mteja, simu iko mfukoni na mikono ni mitupu.

"Na haukumupigia?" Mahmoudi akauliza.

"Nimupigie!" Célestine akacheka kwa hasira. "Ziwatel kwenda Nyota? Kwa bei ile? Papa, mimi nimeishika simu hii wiki nzima, nangoja promosheni. Ikitoka tu, nitamutukana vizuri, pole pole, nisikatikiwe katikati."

"Na miye nitapiga vipi," Symphorien akasema, "kwa muntu nisiyemujua, mutandao mwingine? Nilisema amekosea namba, atachoka."

"Ni mutoto wangu," Mahmoudi akasema. "Ni Mouna. Alikuwa Kiambi."

Célestine akaweka mikono yote miwili kichwani.

"Yesu Maria! Na miye nilikwisha kupanga matusi yote!" Akafungua fundo la kitenge chake, akatoa simu. "Hii hapa namba. Chukua. Ee Mungu wangu, mutoto wa watu."

Symphorien alikwisha kukimbia hadi kibanda cha inite pale pembeni. Akarudi na vocha za Jirani mkononi, Mahmoudi akakwangua, Célestine akamsomea namba, naye akabonyeza, akarudia mara mbili kwa sababu macho yalikuwa na maji. Ikaita.

Akapokea mwanaume. Alikuwa na famasi Manono mjini, akasema.

"Ah, yule mama wa Kiambi! Anakuja kila Ijumaa kuniomba abipu. Namukubalia kwa sababu bipu haili kitu. Ngoja nimutume muntu amuite, iko ng'ambo ya shule. Usikate?"

"Sikati."

Simu ikawekwa juu ya kitu kigumu. Mahmoudi akasikia jogoo wa Manono, akasikia mtu anauliza dawa ya minyoo, akasikia mlango. Célestine akamvuta mkono wa kanzu, akamnong'oneza, "Papa, kata, umupigie tena akifika! Zinaliwa!" Mahmoudi akatikisa kichwa.

Muda ulikwenda. Halafu pumzi ya mtu aliyekuja mbio.

"Papa?"

"Ni mimi."

Kwanza walilia tu, wote wawili, bila maneno. Mahmoudi hakujificha, alilia pale mbele ya watoto wa watu, mgongo ukiwa ukutani.

"Uko muzima?"

"Niko muzima, Papa. Abdoul-Karim yuko. Mutoto yuko, ana meno mawili sasa. Mama mukwe alibakia njiani. Miguu ilivimba, hakuweza tena. Tulimuzika karibu na muto. Siku tuliyofika Manono njo nilianza kubipu, nikwambie."

"Mungu amurehemu," Mahmoudi akasema. "Mungu amurehemu. Mouna, nisikilize..."

"Hapana neno, Papa." Alikuwa anatabasamu huko aliko, ilisikika. "Sikukasirika hata siku moja. Abdoul-Karim alikuwa anasema pengine namba imekufa. Nikamwambia hapana, si inaita? Papa ameona. Nyota ni bei kali, yeye anangoja bei ishuke, halafu atapiga."

Angemtukana ingekuwa nafuu. Matusi yana jibu. Lakini mtoto aliyetoka kumzika mkwe wake kando ya mto alikuwa anakwenda kila Ijumaa kubipu, anarudi, anamtetea baba yake kwa mume wake, na alimtetea kwa lile jambo lenyewe ambalo baba yake alijivunia sokoni. Mouna hakuwa amekosea sana, hilo ndilo lililomuuma Mahmoudi. Karte ingekuwa mfukoni mwake siku ya bipu ya kwanza kabisa, kabla habari za Kiambi hazijafika mjini, angengoja Jumamosi. Alijijua.

"Niliitoa karte ile," akasema. "Nilimupa muntu. Sikuziona bipu zako, Mouna, hata moja."

"Ulimupa muntu? Kwa nini?"

"Kwa chokaa."

"Kwa chokaa," Mouna akarudia, kama anayejaribu kuelewa.

"Ya kupaka stoo."

Kati ya Kalemie na Manono pakabaki kimya, kimya cha bei ya juu kuliko zote, na mtu aliyekuwa anakata simu kabla kwaheri haijakamilika akakaa ndani yake na simu sikioni. Simu ikatoa mlio mdogo wa kuonya kwamba inite zinakaribia kwisha. Symphorien akaanza kukwangua vocha nyingine bila kuambiwa.

"Papa," Mouna akasema mwishowe, kwa sauti ya upole, "sema kitu basi. Unalipa bure."

"Pumua tu, mama," Mahmoudi akasema. "Nakusikia."