Kamba Juu ya Bomba

"Limerudi?" kaka aliniuliza. Alikuwa amechuchumaa chini ya bomba, amekumbatia mfuko wa mwisho wa mchanga kati ya ile tuliyolitundikia bomba kulipima, aliokuwa ametoka kuufungua.

Nilikuwa nimeinama juu ya bomba, jicho moja nimelifumba. Bomba lililala juu ya vigoda viwili, na kamba nyembamba ilikuwa imevutwa juu yake kutoka ncha hadi ncha. Kati ya kamba na bomba sikuona hata nafasi ya kupitisha ukucha. Nje ya karakana mama alikuwa anafagia mahali alipokwisha kufagia asubuhi ile ile.

"Halijarudi, kaka," nikasema. "Limebaki na tumbo hapa katikati."

Mimi si mtu wa kulialia. Nimetengeneza madirisha ya alumini tangu usichana wangu. Wanaume wameingia karakanani kwangu wakaniuliza fundi yuko wapi, nami nimewajibu kwamba amekwenda kuoga, wasubiri. Lakini sauti yangu ya siku ile bado naisikia, ilivyotoka bila kutetemeka, kama ya mtu anayetaja kipimo cha dirisha.

Kaka yangu alikuwa fundi wa majokofu, na kwa miaka mingi alikuwa anajenga kindege cha mtu mmoja nyuma ya nyumba ya mama. Mtaani walimwita Rubani, na waliomwita hivyo hawakuwa wanamsifu. Yeye aliitika tu. Injini aliitoa kwenye pampu ya maji, kiti kwenye basi lililochakaa, na kila Jumapili alikuja kwangu kuniuliza habari za metali.

Mara ya kwanza alikuja na bomba la chuma begani, jasho linamtiririka.

"Hili je, kwa mabawa?"

"Kwa hili utaruka mpaka hapo mlangoni," nikamwambia. "Wewe mwenyewe limekutoa ulimi, sembuse upepo."

Alicheka, akaliweka chini. Tukakubaliana kwamba chuma kitatumika kwenye ekseli ya magurudumu na mahali pa kufungia injini, kwingine kote alumini. Nikamwonya kwamba chuma na alumini zikigusana penye unyevu zinalana polepole, kwa hiyo akatenganisha kila kiungo kwa kipande cha plastiki alichokikata kwa mkono. Alumini yenyewe nayo si moja. Ile ya madirisha yangu ni laini, unaipinda na inabaki ulivyoipinda. Aliyoihitaji yeye ni ile ngumu, iliyochanganywa na metali nyingine, ambayo ukiielemea inanesa na ukiiachia inanyooka. Tuliipata kwenye mlingoti wa redio uliobomolewa. Nilipoligonga bomba la mlingoti ule kwa ufunguo lililia vizuri, tukatazamana tukatabasamu kama watoto walioiba sukari.

"Wewe ndiye mwenye jicho," akaniambia siku hiyo. "Tutalipima, na ukisema halifai, siruki. Sitabishana na wewe."

Maneno hayo mama aliyasikia. Jioni ya kuamkia siku ya kupima alikuja karakanani, akakaa juu ya rundo la fremu, akawa ananitazama nikikata kioo. Hakuwa mtu wa kuombaomba. Nilipozima mashine ndipo aliponiambia.

"Mimi amenikatalia. Wewe anakusikiliza. Sema halifai, mwanangu. Neno moja tu, halafu sitakuomba tena kitu."

Nilimwambia bomba ni zima. Akasema hakuniuliza kuhusu bomba.

Ningependa kusema nililazimishwa, lakini itakuwa uongo wa pili. Na mimi nilikuwa naogopa. Usiku nilimwona kaka akianguka, kila nikifumba macho anaanguka. Injini ile ya pampu ilikuwa na tabia ya kukohoa na kuzimika, na huko juu hakuna pa kushukia kuichokonoa. Huenda angekufa. Huenda angezunguka uwanja mara mbili, akashuka, akaishi maisha yake yote ameshiba. Sijui, na mimi ndiye niliyehakikisha kwamba hakuna atakayejua.

Basi nilisema, "Limebaki na tumbo." Kaka angesimama, akapiga hatua mbili tu, akainamisha kichwa, akaona mwenyewe. Hakusimama. Aliuweka mfuko chini taratibu, akakung'uta mchanga viganjani.

"Basi," akasema. "Ahsante, mdogo wangu."

Kutokuja kwake kuangalia ndiko kunakoniuma mpaka leo.

Alikibomoa kindege mwenyewe. Injini ilirudi kwenye pampu, kiti kikawa cha wateja wake wa majokofu. Mama alilichukua lile bomba, akalifunga juu ya nguzo mbili uani awe anaanikia nguo. Ndege ikipita angani kaka alikuwa anatafuta kitu cha kufanya chini. Na katika kila mkusanyiko wa familia alisimulia, mkono wake umenishika bega: "Huyu mnamwona? Huyu aliniokoa. Mimi metali siijui, nilikuwa naelekea kujiua." Watu walinipongeza. Mama alikuwa anainuka kwenda kuangalia chai. Mimi nilicheka pamoja nao.

Mama alipofariki tulikwenda, sisi wawili tu, kufua na kupanga vitu vyake. Sote tulikuwa wazee, kaka ana goti bovu na mkono wa kulia unamtetemeka kidogo. Tulianika mablanketi yakiwa yanachuruzika maji, matano kwa pamoja, na bomba likapinda katikati kwa uzito. Likabaki limepinda hivyo. Kaka alipoona wingu akaanza kuyatoa, moja moja, ayapeleke barazani.

Alipolitoa la mwisho, bomba likanyooka.

Alisimama na blanketi mkononi, maji yanamdondokea miguuni. Kisha akaliweka juu ya beseni, akaingia ndani, akatoka na kamba.

"Shika huku," akasema.

Nikashika. Akaivuta ile kamba mpaka ncha ya pili, akaifunga, akasukuma miwani juu ya paji la uso, akainama. Alilifuata bomba lote, ukucha wa kidole gumba ukitafuta pa kupita. Hakupata.

"Mama aliniomba," nikamwambia. "Lakini mdomo ulikuwa wangu."

Aliifungua kamba, akafungua waya mbili zilizolishikilia bomba kwenye nguzo, akalinyanyua kwa mkono ule ule unaotetemeka.

"Jepesi," akasema, kwa sauti ya chini.

Akaliweka mabegani, mikono akaitandaza juu yake huku na huku, akaanza kuzunguka nalo uani, polepole kwa ajili ya goti, akiangalia ncha zisiguse ukuta. Matone ya mvua yakaanza. Mimi nilibaki pale pale, nimeshika kamba.