Yai Lililoelea Jikoni kwa Sidi

Barua ya kumwomba Sidi apokee mgeni nyumbani kwake ilisema "mwalimu wa kujitolea, mwanamke, kutoka Korea Kusini", basi. Umri haikuutaja. Sidi, fundi cherehani wa pale sokoni Kikoneni, akaujazia mwenyewe: msichana wa miaka ishirini na mitatu hivi, mwembamba, mcheshi. Mungu alimjaalia wana watatu wa kiume, na wote walikwishatoka kwenda kutafuta maisha. Sasa angepata binti, japo wa kuazima. Kwa wiki nzima kila mteja aliyeleta nguo alisimuliwa habari za huyo binti.

Jumatano alasiri Mwalimu Mwanzia, mwalimu mkuu wa shule ya pale, alisimamisha gari uani. Akateremka mwanamke mfupi, miwani puani, nywele nyeupe kama pamba, mgongoni begi lililompita kichwa.

"Huyu ndiye Madam Sunja," alisema Mwanzia kwa Kiswahili chake cha bara. "Amekuja kuona shule na family yake tu. Jumamosi anarudi Nairobi kumaliza training. Msijali, Kiswahili anajua."

Mgeni alitua begi, akashikanisha mikono, akainama. "Shikamoo, mama."

Sidi akabaki ameduwaa. Bila shaka huko Nairobi walimfundisha kwamba mwenyeji wake ndiye mamake, na mama huamkiwa. Lakini huyu alikuwa rika la mama yake mzazi! Kumwitikia marahaba ni utovu wa adabu. Kunyamaza ni kumfukuza mgeni mlangoni.

"Shikamoo," akajibu Sidi, naye akainama kidogo.

Mgeni akadhani hakusikika. Akainama zaidi. "Shikamoo, mama!"

"Shikamoo," akasema Sidi, magoti yakikaribia kugusa mchanga.

Haijulikani wangefika wapi kama sauti isingetoka ndani ya nyumba: "Marahaba nyote wawili! Haya, ingieni, jua litawaunguza."

Huyo alikuwa Kache, mama mkwe wa Sidi. Kitambulisho chake kilisema ana miaka sabini na minne. Mwenyewe alisema themanini, na hakuna aliyethubutu kubishana naye. Basi jambo hilo likamalizika hapo. Mgeni alikaribishwa chai ya tangawizi na muhogo wa kuchemsha, akala mpaka akafungua kifungo cha sketi.

Alhamisi asubuhi Sidi alimsindikiza shuleni. Njiani Sunja alimweleza kwamba amefundisha sayansi miaka thelathini na minane, kwamba mumewe alifariki miaka minne iliyopita, na kwamba wanawe walimkataza kuja. Alikuwa na karatasi aliyoandikia hotuba yake, na aliisoma kimoyomoyo hadi getini.

Darasa la sita lilikuwa na watoto sabini na mmoja. Walisimama, wakamkaribisha kwa wimbo, wakaketi, wakamkodolea macho. Sunja akakunja karatasi, akataka kusema kutoka moyoni.

"Watoto, nimefurahi sana kuwaoa," alisema kwa sauti ndogo.

Darasa zima likaangua kicheko. Wengine waligonga madawati, wengine walikumbatiana. Mwalimu Mwanzia, aliyesimama mlangoni na Sidi, alitoa leso na kujifanya anapenga kamasi. Sunja aliwatazama mmoja mmoja, hajui kakosea wapi. Mwishowe alikaa kwenye kiti cha mwalimu na hakusema neno jingine hadi kengele ilipolia.

Waliporudi nyumbani aliketi kwenye kizingiti cha jikoni bila kuvua kofia.

"Kosa langu," alisema. "Wanangu walisema, mama, wewe mzee, kaa nyumbani. Kesho nitamwambia Mwalimu Mwanzia. Sitarudi."

Sidi alichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Pole alikwishaisema mara nne. Alijua vizuri watoto walichokicheka, lakini utamsahihishaje mtu ambaye angeweza kukubeba mgongoni ulipokuwa mchanga? Akaona afadhali achambue mchicha.

Kache hakuwa na haya ya namna hiyo. Alikuwa ameketi kwenye kibao cha mbuzi akikuna nazi. "Walicheka nini?"

"Sijui."

"Ulisema nini?"

Sunja akarudia. Kache aliacha kukuna. Alicheka mpaka akapaliwa, Sidi akamletea maji.

"Kuwaoa! Umeposa watoto sabini kwa mkupuo! Mahari utayatoa wapi, wewe mwanamke?"

Sidi alijifunika uso kwa leso. Sunja alichomoa kidaftari mfukoni, akapekua kurasa, akasoma. "Ona," alisema polepole. "Oa. Herufi moja."

"Moja tu. Lakini wengi imewaponza," alisema Kache. "Haya, ungewafundisha nini hao wachumba wako?"

"Kwa nini vitu vinaelea."

"Nifundishe mimi. Sijakanyaga darasa maishani mwangu. Hutapata mwanafunzi mbaya kunishinda."

Sunja akavua kofia, akamwomba Sidi bilauri ya maji, yai na chumvi. Akalitia yai majini, likazama.

"Limezama. Kwa nini?"

"Kwa sababu ni zima," alijibu Kache. "Lingekuwa viza lingeelea. Hilo kila mwenye kuku analijua."

Sunja akalitoa yai, akatia chumvi vijiko vinne, akakoroga mpaka ikayeyuka. Akalirudisha. Yai likaelea, upara wake ukichungulia juu ya maji.

"Umeliharibu yai langu!" Kache akaruka. "Limekuwa viza!"

"Hapana, yai ni lile lile. Maji ndiyo—"

"Maji yamelitia ugonjwa. Sidi, mpokonye huyu mayai yangu!"

"Maji ya chumvi ni mazito zaidi, kwa hiyo—"

"Maji mazito umeyaona wapi? Uji ndio mzito!"

"Kache, nyamaza!" Sunja alikuwa amesimama wima, kidole juu, na sauti iliyomtoka ilijaza jiko lote. "Sijamaliza! Mkono juu kabla ya kusema!"

Kijiko kilimponyoka Sidi. Katika miaka ishirini na saba ya ndoa yake hakuwahi kusikia mtu akimwambia Kache anyamaze. Kuku alikatiza mlangoni. Kisha Kache, taratibu, akainua mkono.

"Ndiyo, Kache."

"Na tukilivunja?"

"Swali zuri sana," alisema Sunja, na hapo ndipo akatambua alichokuwa akifanya. Mashavu yalimwiva.

Walilivunja. Kiini kilikuwa duara, cha manjano, hakina kasoro. Kache alilinusa mara mbili. "Basi maji ndiyo yenye maneno," alikubali.

"Kumbe!" Sidi alijikuta akisema. "Bwawani mimi nazama kama nanga. Lakini siku tuliyokwenda Diani nilijilaza baharini nimejifunga leso yangu, nikaelea tu."

"Mfano mzuri!" Sunja alikuwa ameshaandika. "Kesho nitautumia."

Yai wakalikaanga na vitunguu, wakalila watatu.

Ijumaa walikwenda shuleni na mayai sita na chumvi kilo nzima. Getini Sidi alisimama. Masikio yalimwaka moto, lakini alisema. "Mama, jana ulisemea kifuani. Leo wasemeshe kama ulivyomsemesha mama mkwe."

Sunja aliitikia kwa kichwa, akaingia. "Jana niliwaoa," alitangaza kwa sauti ile ile ya jikoni. "Leo nimekuja kuwaona!"

Kicheko kililipuka tena, na safari hii Sunja alicheka kuliko wote. Kisha akainua kidole, darasa likatulia. Yai la kwanza lilipoelea, watoto wa nyuma walipanda juu ya madawati. Msichana mmoja, Mercy, aliuliza kama mtu akila chumvi nyingi ataelea, na Sunja alilichukulia swali hilo kwa uzito uliolistahili. Kengele ilipolia hakuna aliyeinuka.

Jumamosi Mwalimu Mwanzia alikuja kumchukua. Kache hakutoka nje. Hakupenda kuagana na watu. Alimtuma Sidi na swali: mbona mtu akitembea, mwezi nao humfuata? Sunja aliliandika kidaftarini, akamshika Sidi mikono yote miwili, akapanda garini.

Alirudi baada ya wiki tatu, na mabegi mawili, akakaa miaka miwili.