Shavu Lililozidi Kiraba Kimoja

Pua ilikataa kukaa katikati. Nikiisogeza kushoto, uso unaonekana kama unasikiliza mambo ya mlango wa jirani. Nikiisogeza kulia, kama unanusa kitu kinachoungua. Nilikuwa sebuleni tangu asubuhi, miguu nimeikunja juu ya kiti cha plastiki, nikichora mwalimu mdogo ambaye angetokea kwenye mchezo wa kompyuta wa kufundishia watoto herufi. Mtoto akipatia, mwalimu anatabasamu. Akikosea, anatikisa kichwa, lakini kwa upole. Na mwalimu mwenyewe alikuwa dada yangu, niliyekuwa namchora kwa picha ya zamani.

Kwa asiyewahi kuchora michoro ya aina hii, niseme kwamba haina mistari. Ina viraba tu, vile vinavyoitwa pikseli, na unavijaza rangi kimoja kimoja kama fundi anavyopanga vigae sakafuni, mpaka ukijisogeza nyuma unaona jicho. Uso mzima wa dada ulikuwa na viraba thelathini na kitu kwa upana. Kwenye uso mdogo hivyo, kiraba kimoja ndicho kinachotenganisha kutabasamu na kununa. Ili kupunguza kazi, programu inakupa kioo: unachora nusu ya kushoto, yenyewe inanakili kulia. Siku ile kioo changu kilikuwa kinanidanganya. Shavu la kulia lilitoka nene kuliko la kushoto, na sikio la kulia halikutoka kabisa.

Nikaizima programu, nikaiwasha. Nikamtukana aliyeitengeneza, nikawatukana na walimu wake. Kisha nikaanza kulikwangua lile shavu kwa mkono, kiraba hapa, kiraba pale, na kila nikichora kitu kipya kushoto, shavu linarudia unene wake kama vile halijui shida niliyopata.

Dada alikuwa chumbani kwake, mlango umeegeshwa.

Alikuwa amejifungia majuma kadhaa. Asubuhi moja alipiga mswaki, maji yakamchuruzika kwenye pembe ya mdomo, akadhani ni usingizi. Haukuwa usingizi. Nusu ya kulia ya uso wake ilikuwa imelala na haikuamka. Daktari alisema mshipa wa fahamu umevimba, kwamba wengi hupona, kwamba ameze dawa, avumilie, na kila siku akae mbele ya kioo afanye mazoezi: apandishe nyusi, apulize mashavu, atabasamu. Dada akamshukuru, akarudi nyumbani, akachukua shuka akakifunika kioo cha kwenye korido. Hatukuwa na kikubwa kingine. Tangu hapo mama akawa anafunga kilemba kwa kukisia, na baba ananyoa ndevu uani, ameinama mbele ya kioo cha pikipiki. Hakuna aliyethubutu kuligusa lile shuka.

Alikuwa mwalimu wa chekechea. Ba, be, bi, bo, bu ndiyo iliyokuwa kazi yake, na alikuwa akiiimba mpaka jikoni. Sasa "ba" ilimtoka ikivuja upepo. Siku aliyojaribu kurudi darasani, mtoto mmoja alimuuliza, "Mwalimu, mbona umenuna upande mmoja?" Mtoto hakuwa na ubaya wowote. Lakini dada alirudi nyumbani kabla ya mapumziko, akasema watafute mwalimu mwingine. Mwalimu mkuu akaomba wasubiri hadi muhula mpya, na sasa muhula ulikuwa umekaribia. Niliogopa, sifichi. Niliona kabisa kwamba asiporudi muhula ule hatarudi tena, na dada niliyemjua atamalizikia mle chumbani.

"Unamtukana nani?"

Alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe chenye mrija, maana bila mrija chai ilimwagikia kidevuni. Nilitaka kuuficha ule uso kwenye skrini, nikachelewa.

"Kioo," nikasema, kisha nikatamani kujing'ata ulimi.

Hakuondoka. Alivuta kiti, akalifumba jicho lake la kulia kwa kidole, kwa kuwa halikujifumba lenyewe, akautazama mchoro kwa lile zima.

"Watoto wangu wakikunja karatasi vibaya, kipepeo anatoka na bawa moja kubwa," akasema. Tangu augue sikuwahi kumsikia akisema "watoto wangu". Nikajifanya sikuona ajabu. "Huwa hatuhangaiki na bawa. Tunaweka tone la rangi ukingoni kabisa, tunakunja, tunatazama mwenzake kaangukia wapi. Weka tone."

Nikaweka kiraba chekundu kwenye ukingo wa kushoto. Kulia hakikutokea kitu.

"Mwenzake yuko wapi?"

"Kaangukia nje ya ukurasa."

"Basi umekunja pabaya, mdogo wangu."

Hapo nikakumbuka. Mwanzoni ukurasa wangu ulikuwa na viraba vya namba shufwa, kwa hiyo mstari wa kioo ulipita baina ya viraba viwili, na kila pua niliyochora ilitoka na unene wa viraba viwili. Mimi nilitaka pua ya kiraba kimoja. Nikakata safu moja upande wa kulia, nikajiona bingwa. Ukurasa ulipungua, lakini mstari haukusogea. Ulibaki ulipokuwa, nusu kiraba nje ya katikati mpya, na tangu hapo kila nilichochora kilikuwa kinakunjwa pasipo pake. Programu haikuwa na kosa, na walimu wa watu nilikuwa nimewatukana bure.

Kitufe cha kuurudisha mstari katikati kilikuwa juu pale, peupe kabisa. Nikakibonyeza, mstari ukaingia katikati ya pua. Nikafuta nusu yote ya kulia, nikaanza kupitia kushoto upya. Sikio likatokea. Shavu likapungua. Dada yangu wa viraba akatutazama, amelingana pande zote mbili.

Dada mwenyewe aliusogelea ule uso kwenye skrini. Chai ilikuwa inapoa.

"Nipige picha," akasema.

"Ya nini?"

"Nipige kabla sijaghairi. Chukua upande mzima, unakili kwenye ule mwingine. Nataka kujiona nilivyokuwa."

Nikampiga picha kwa simu. Nikaiingiza picha kwenye kompyuta, nikaivunja kuwa viraba, nikaupitisha mstari katikati ya pua yake, safari hii kwa uangalifu. Moyoni nilikuwa naomba. Nikabonyeza.

Akatokea mtu tusiyemjua. Uso mwembamba, nyusi mbili zimepanda sawasawa, kinywa kimebanwa kwa adabu ya kutisha. Hakuwa dada wa leo, na wala hakuwa dada wa zamani.

"Huyu nani?" akauliza.

Mdomo wangu hauna breki, haijawahi kuwa siri. "Shangazi," nikasema, "akiambiwa chakula kimekwisha."

Akacheka. Kwa kawaida yake ya siku zile angeuziba mdomo kwa kiganja, ila mikono yote miwili ilikuwa kwenye kikombe. Nami nikaona. Pembe ya kulia ya mdomo wake ilipanda, kidogo mno, kisha ikashuka. Mtu mwingine isingemwingia machoni. Lakini mimi nilikuwa nimeshinda siku nzima nikisaka kosa la kiraba kimoja, na ile ilikuwa imepanda kiraba kimoja.

"Umecheka upande huu," nikasema.

"Usinionee huruma."

"Dada, nimeona."

"Unataka kunifurahisha tu. Nakujua wewe."

"Shavu lililozidi kiraba kimoja limeniharibia siku nzima," nikasema. "Nitakosaje kuuona mdomo wako?"

Alinitazama sana, kama anavyomtazama mtoto anayeapa kwamba si yeye aliyemwaga rangi. Kisha akaweka kikombe chini, akaenda kwenye korido. Nikamfuata. Mama alitokeza kichwa jikoni.

Kupona kulichukua muda, na kulikuwa na siku za kulia na siku za kurusha vitu. Lakini ninapokumbuka, sikumbuki sana hayo. Nakumbuka alivyolishika lile shuka kwenye pembe, akalivuta, vumbi likaruka. Alisimama mbele ya kioo akiwa amenyooka, kama anayesubiri darasa linyamaze.

"Haya," akasema. "Nichekeshe tena."

Nami, mpiga domo wa nyumba nzima, nikakosa neno. Nikatafuta kwa shangazi, nikatafuta kwa baba na pikipiki yake, hamna. Nikabaki nimeduwaa kwenye kioo nyuma ya bega lake, kinywa wazi, na dada aliponiona nilivyo, akaanza kucheka.